Naishi Muscat kwa bataka ya kazi, nataka kwenda harusini Hamburg: viza niombee wapi?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi ni Mtanzania, naishi Muscat mwaka wa sita sasa, ni mhasibu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Dada yangu mkubwa yuko Hamburg, na mwezi wa nane anamwoza bintiye. Mimi ndiye mama mdogo, siwezi kukosa. Nataka kukaa wiki mbili. Kwa safari ya kurudi nimeona tiketi ya bei nafuu inayobadilisha ndege London. Bataka yangu, yaani kadi yangu ya ukaazi wa Oman, inaisha mwezi wa tisa. Kazini wananiambia mwenye ukaazi wa Oman haombi viza ya Ulaya, anapanda ndege tu. Nyumbani wananiambia nirudi Dar nikaombe huko kwa sababu pasipoti yangu ni ya Tanzania. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na hongera kwa harusi. Katika hili usimsikilize yeyote kati yao. Viza unaihitaji, na utaiombea hapo hapo Muscat. Ila kabla ya viza kuna suala la bataka, na ile tiketi ya London usiilipie kwanza.

Mtu anayeishi ugenini hutembea na karatasi mbili, na kila moja ina kazi yake. Pasipoti inaonyesha wewe ni raia wa nchi gani, na hiyo ndiyo inayoamua kama unahitaji viza. Bataka inaonyesha unakaa wapi, na hiyo ndiyo inayoamua ombi lako litapokelewa wapi, na baadaye kama utaruhusiwa kurudi kazini kwako. Wenzako ofisini wameipa bataka kazi ya pasipoti. Waulize swali moja: Mwomani mwenyewe anaingiaje Ujerumani? Anaomba viza ya Schengen kama wewe, yaani ile viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Nadhani wamesikia habari za Uingereza, kwa sababu tangu Februari 2024 raia wa Oman huingia kule kwa kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA, au wamesikia kwamba raia wa Falme za Kiarabu huingia Schengen bila viza, jambo ambalo ni kweli tangu 2015. Lakini yote hayo ni ya raia. Mkaazi hayamhusu, hata akiwa ameishi hapo miaka ishirini.

Zipo nchi zinazoitazama bataka yenyewe. Saudia na Falme za Kiarabu wana viza za mtandaoni kwa wakaazi wa nchi jirani za Ghuba, na Georgia huwapokea wenye ukaazi wa Ghuba kwa masharti ya muda uliobaki kwenye kibali. Nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29, hazimo katika kundi hilo.

Na Dar je? Kanuni ya viza za Schengen inasema ombi hupelekwa ubalozi ulioko mahali mwombaji anapoishi kihalali. Ukienda kuombea mahali unapopita tu, lazima utoe sababu ya kutosha, na "pasipoti yangu ni ya hapa" si sababu. Hata kama wangekupokea, fikiria ungeonekanaje mbele ya afisa wa Dar es Salaam: mtu asiye na kazi Tanzania, asiye na mshahara Tanzania, anayetaka kwenda kwa dada yake Ulaya. Muscat una miaka sita kazini, mshahara unaoingia benki kila mwezi, na mwajiri anayekusubiri. Nguvu yako yote iko huko. Kwa hiyo ombi lako linakwenda ubalozi wa Ujerumani Muscat, au kituo kinachopokea maombi kwa niaba yake, kwa sababu Ujerumani ndiko utakakokaa siku nyingi. Hata ndege yako ikitua kwanza Paris au Vienna, ubalozi wako bado ni wa Ujerumani.

Sasa bataka, na hapa naomba unisikilize sana. Inaisha mwezi wa tisa, harusi ni mwezi wa nane. Wewe unaona inatosha, kwa sababu utarudi ikiwa bado hai. Afisa wa viza haoni hivyo. Balozi nyingi za Schengen huku Ghuba hutaka kibali cha ukaazi kiwe na angalau miezi 3 mbele baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Sababu yake inaeleweka: mtu ambaye ukaazi wake unaisha wiki tatu baada ya safari anaweza kuwa anafunga virago, na afisa hana namna ya kujua. Bataka huihuishi baada ya kurudi, unaihuisha kabla ya kuomba. Mwendee mandubu wa kampuni yenu, yule anayeshughulikia karatasi za serikali, mapema, mweleze una safari, umwombe aanze taratibu bila kungoja tarehe ya mwisho. Kama mkataba wako nao unakaribia kuisha, uandikwe upya kwanza, maana bataka inafuata mkataba.

Tukiwa hapo hapo kwenye bataka: Oman mkaazi akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, ukaazi wake unapotea. Wewe wiki mbili hazikugusi. Ila nimeona mtu aliyekwenda nyumbani kumuuguza mzazi, siku zikaenda, akajikuta uwanja wa ndege wa Dar ana bataka yenye tarehe nzuri tu mkononi lakini kwenye mfumo imekufa. Falme za Kiarabu wana kanuni kama hiyo ya miezi 6, isipokuwa wenye viza ya dhahabu. Na walioko Saudia wasisahau kwamba kule hutoki hivi hivi, unatoka na huruji wa auda, yaani kibali cha kutoka na kurudi, na ukichelewa kurudi ndani ya muda wake unajitafutia balaa.

Turudi kwenye ombi lako. Kuna kosa moja ambalo sisi Waswahili hulifanya kuliko watu wengine wote, na chanzo chake ni lugha yetu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao. Ndivyo unavyomwita, ndivyo unavyomhisi, na harusini utakaa mahali pa mama. Unafika kwenye fomu, swali linauliza unakwenda kwa nani, unaandika binti yangu. Afisa anafungua faili lako: huna mtoto wa umri huo, cheti cha kuzaliwa cha bibi harusi kina jina la mama mwingine. Kwake yeye huo ni uongo. Hajui mama mdogo ni nani. Niliwahi kuishika mkononi barua ya kukataliwa ya mama mmoja aliyeandika hivyo hivyo kwa moyo safi kabisa, na kisanduku kilichotiwa alama kilisema maelezo ya sababu ya safari hayaaminiki. Alilia, akasema, "Sasa nimwite nani yule, si mwanangu?" Kwa hiyo andika waziwazi: mtoto wa dada yangu wa kuzaliwa naye. Vivyo hivyo usimwite binamu kaka, wala mke wa baba mama. Kwenye fomu tumia mpangilio wa damu kama ulivyo kwenye vyeti.

Na vyeti vyenyewe uvitoe. Cheti chako cha kuzaliwa na cha dada yako, vyote viwili vionyeshe wazazi wale wale. Kama ni vya Bara vitakuwa vya RITA, kama ni vya Zanzibar vitakuwa vya wakala wa usajili wa kule. Vikiwa kwa Kiswahili vitafsiriwe kwa Kiingereza au Kijerumani na mtafsiri anayetambulika. Angalia herufi za majina. Hamisi cheti kimoja, Khamis pasipoti, Hamis kadi ya mpiga kura: nyumbani wote tunajua ni mtu yule yule, Ulaya ni watu watatu. Tofauti kama hiyo ukiiona, andikisha hati ya kiapo mapema uiambatanishe, usingoje uulizwe.

Dada yako naye ana kazi. Barua ya mwaliko ni nzuri na iandikwe, lakini barua peke yake haimfungi kulipa chochote. Ujerumani kuna hati rasmi ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung. Mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na pasipoti na hati za mshahara, analipa euro 29, anasaini kwamba gharama zako zote, pamoja na za kukurudisha ikibidi, ziko juu yake. Dada yako ajue anachosaini, ni deni la kweli kisheria. Nakala halisi anakutumia wewe Muscat, kwa hiyo hesabu na siku za posta. Asiichukue mapema mno, maana hutakiwa itumike kuombea viza ndani ya miezi 6. Ofisi hizo huwa na foleni ndefu za miadi, katika miji mikubwa hasa, kwa hiyo miadi aitafute sasa. Atume pia uthibitisho wa tarehe ya ndoa kutoka ofisi ya usajili, kama wamekwisha kuupata.

Kama mshahara wako unatosha unaweza kujitegemea bila dhamana hiyo, na hapo inakuja taarifa ya benki. Wanataka miezi 3 ya karibuni. Tafadhali usiazime pesa kujaza akaunti. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake, anatazama pesa zinavyopita: mshahara umeingia tarehe 25, kodi ya nyumba imetoka tarehe 1, nyumbani umetuma tarehe 3. Halafu Jumatatu moja riyali 2,000 zinadondoka kutoka kwa mtu ambaye jina lake halijawahi kuonekana, na Alhamisi unaomba viza. Riyali 600 zilizokusanyika kidogo kidogo, zikiungwa mkono na hati ya dada yako, zina nguvu kuliko hizo 2,000.

Barua ya mwajiri itaje cheo chako, ulianza lini, unalipwa kiasi gani, umepewa likizo kuanzia lini hadi lini, na kwamba kazi yako inakungoja. Ikiwa imeandikwa kwa Kiarabu, iandikwe pia kwa Kiingereza. Tarehe za likizo zikubaliane na tarehe za tiketi na za bima. Likizo inayoanza tarehe 10 na ndege inayoondoka tarehe 8 ni dosari ndogo inayomfanya afisa aanze kuitilia shaka karatasi inayofuata. Tiketi yenyewe usinunue, weka buking tu. Balozi zenyewe husema usilipe mpaka viza itoke.

Yaliyobaki ni mepesi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa miezi 3 baada ya kutoka Schengen, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ya matibabu isipungue euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila wanaruhusiwa kwenda mpaka 45, na kabla ya hapo kuna kungoja miadi, ambayo majira ya joto huwa ngumu kwa sababu Ghuba nzima inataka kwenda Ulaya. Alama za vidole ulizotoa kwa viza ya Schengen hutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo kama uliwahi kwenda karibuni huenda usiguse mashine.

Hukuniambia pasipoti yako iko kwa nani. Nauliza kwa sababu wengi mlioko Ghuba pasipoti zenu ziko kwenye kabati la kafili, yaani mwajiri aliyewadhamini. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kuishika pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake ya maandishi. Iombe kwa adabu, kwa maandishi, na mapema, maana ubalozi nao utakaa nayo wiki kadhaa.

Viza ikitoka, isome hapo hapo kabla hujaondoka dirishani. Stika ina tarehe mbili, kuanzia na hadi, na chini yake idadi ya siku. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukiona kuanzia tarehe 5 Agosti hadi 3 Septemba, na siku 15, maana yake una siku 15 tu, uzitumie wakati wowote ndani ya dirisha hilo. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa. Wapo waliosoma tarehe ya mwisho wakastarehe mpaka siku hiyo, na sasa hakuna tena cha kubahatisha na mihuri iliyofifia: tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwenye kompyuta, na siku zinajihesabu zenyewe. Angalia pia idadi ya kuingia. Ukiona 01, ukitoka Schengen umetoka.

Hapo ndipo London inapoingia. Uingereza haimo Schengen, na ina orodha ya nchi ambazo raia wao wanahitaji viza hata kwa kubadilisha ndege bila kutoka eneo la abiria. Tanzania imo, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Bataka ya Oman haikusamehi, na viza fupi ya Schengen haikusamehi. Wanaosamehewa ni kama wenye viza hai ya Marekani au Kanada, au wenye kibali cha ukaazi cha nchi za Umoja wa Ulaya. Jamaa yangu mmoja anayefanya kazi Ghuba alinunua tiketi ya namna hiyo. Nilikuwa nimemsindikiza, nimesimama nyuma yake kwenye kaunta. Binti wa kaunta alifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akatazama skrini, akarudi tena kurasa za nyuma, kisha akaifunga taratibu na kuiweka juu ya meza. Hakuipiga mihuri wala hakuirudisha. Tulijua. Tiketi ile haikurudishiwa pesa, na ya pili aliyonunua usiku ule ilimmalizia akiba. Hatukumlaumu yule binti. Shirika la ndege linalompeleka Uingereza mtu asiye na karatasi hutozwa pauni 2,000 kwa kila abiria, kwa hiyo hufuata kinachosema Timatic, mfumo wanaotumia kukagua karatasi za abiria, na mfumo huo hausikilizi maelezo. Wewe pita Doha au Dubai, huhitaji viza ukibaki ndani ya uwanja. Unafuu wa tiketi ile unaweza kumezwa na ada ya viza ya Uingereza na usumbufu wake. Na tiketi yote iwe moja, ya kwenda na kurudi, ili mizigo isikulazimishe kutoka nje kuichukua.

Ikitokea umekataliwa, naomba isitokee, soma kisanduku walichotia alama. Zamani Ujerumani ilikubali barua ya kulalamika kwa ubalozi ule ule. Utaratibu huo umefutwa duniani kote tangu 1 Julai 2025. Sasa unaomba upya ukiwa umerekebisha walichokitaja, au unakwenda mahakama ya Berlin, ambako kwa safari ya harusi utachelewa. Usikimbilie ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen kwa kisingizio cha safari nyingine. Kumbukumbu za maombi hukaa miaka 5 kwenye mfumo wao wa pamoja, na kila ubalozi unaziona.

Kuna wasomaji walio na hali tofauti na yako na watauliza. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au Sweden hatakiwi viza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, ila Uingereza na Ireland anaomba kama kawaida. Ndugu zetu wa Kongo wawe macho hata na viwanja vya Schengen vyenyewe, kwa sababu pasipoti ya Kongo ya Kinshasa inahitaji viza ya kupita uwanjani huko. Na anayetaka Marekani, tangu Septemba 2025 wanataka uombe nchi yako au nchi unayoishi.

Kwa ratiba yako, harusi ikiwa mwezi wa nane: mwezi huu bataka, pasipoti mkononi, na dada yako kutafuta miadi yake. Mwezi wa nne vyeti na tafsiri, na miadi yako ya ubalozi. Mwezi wa tano uwe umekwisha kuwasilisha. Kama katikati ya hayo utabadilisha pasipoti, hakikisha ukaazi wako umehamishiwa namba mpya kwenye mfumo wa Oman kabla hujasafiri, na uzibebe pasipoti zote mbili. Kwenye mkoba wa mkononi weka barua ya dada, bima, na anwani ya Hamburg, kwa sababu polisi wa mpakani anaweza kuuliza upya kila kitu alichouliza ubalozi. Akikuuliza unakwenda kwa nani, mwambie kwa dada yangu, anamwoza bintiye.